Ishara ya jioni kwenye 1420 MHz: uchambuzi wa kisa cha klabu ya sayansi mkoani Mwanza

Jina la shule, kata, tarehe na majina ya wahusika yameondolewa. Kisa kimeandikwa kwa ajili ya walimu na vijana wanaotaka kusikiliza anga kwa vifaa vya bei nafuu, na ambao siku moja watakutana na mstari mwembamba kwenye skrini wasiojua umetoka wapi.

## Usuli

Shule ni ya sekondari ya kutwa, imejengwa kwenye mteremko wa majabali unaoshuka hadi Ziwa Viktoria. Nyuma ya ukuta wake, chini kidogo, upo mwalo wa wavuvi wa dagaa. Klabu ya sayansi ilikuwa na wanafunzi kumi na wawili na mwalimu mmoja wa fizikia. Haikukusudia kutafuta viumbe wenye akili. Ilitaka kupima haidrojeni ya Njia Nyeupe (galaksi yetu), ambayo hutoa wimbi la redio kwenye masafa ya 1420.406 MHz, sawa na urefu wa wimbi wa sentimita 21.

Lakini ukisikiliza masafa hayo, swali la viumbe linakuja lenyewe. Mwaka 1959 Giuseppe Cocconi na Philip Morrison waliandika kwamba kama kuna watu wengine huko nje wanaotaka kusikika, wangechagua masafa ambayo kila mwanasayansi wa anga anayajua, na haidrojeni ndiyo kitu kilichojaa kuliko vyote. Mwaka uliofuata Frank Drake alielekeza antena ya Green Bank, Marekani, kwenye nyota mbili za jirani, Tau Ceti na Epsilon Eridani, na kusikiliza hapohapo. Wanafunzi walikuwa wamefundishwa habari hizi kabla ya kukata bati la kwanza.

Antena ilikuwa ya umbo la tarumbeta la pembe nne, iliyokunjwa na fundi bati kwa mabati bapa. Mdomo ulikuwa sentimita 75 kwa 60. Nyuma yake kulikuwa na sanduku la sentimita 16.5 kwa 8.3, na ndani yake waya wa shaba wa sentimita 5 uliosimamishwa sentimita 6.9 kutoka ukuta wa nyuma. Kipimo hiki cha mwisho ndicho kinachowaharibia wengi. Wanapiga robo ya sentimita 21 na kupata 5.3, wakisahau kwamba ndani ya sanduku wimbi hurefuka hadi kama sentimita 27.5, na robo yake ndiyo 6.9. Kutoka kwenye waya, mawimbi yaliingia kwenye ampilifaya yenye kichujio cha 1420 MHz, kisha kwenye kipokezi cha USB kinachosoma upana wa 2.4 MHz kwa mkupuo. Programu iliugawa upana huo katika vyumba 2048, kila kimoja hertz 1,172.

Antena ya mdomo huo huona kipande cha anga cha nyuzi 20 hivi. Iliwekwa ikitazama juu kabisa, bila mota. Dunia ndiyo iliyoizungusha.

## Yaliyotokea

Haidrojeni ilipatikana ndani ya wiki ya kwanza: kilima kipana cha mamia ya kilohezi, kikipanda na kushuka kadiri Njia Nyeupe ilivyopita juu. Hadi hapo kila kitu kilikuwa cha kawaida.

Kisha ikaja ishara. Kwenye 1420.00 MHz, kushoto kwa kilima cha haidrojeni, ulisimama mstari mmoja ulioenea chumba kimoja au viwili tu, wenye nguvu mara mia ya kelele ya chumba chake, yaani desibeli 20. Ulitokea jioni, ukakaa kama dakika 80, ukazimika. Kesho yake ukarudi.

Mambo manne yaliwapandisha joto wanafunzi, na kila moja lilikuwa na msingi. Kwanza, bendi ya 1400 hadi 1427 MHz imelindwa duniani kote: kanuni za redio za ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, zinakataza mtu yeyote kurusha mawimbi humo. Pili, mstari ulikuwa mwembamba, na haidrojeni haiwezi kuwa nyembamba hivyo. Tatu, masafa yake yalikuwa yakishuka polepole, kama yanavyopaswa kushuka ya chanzo kinachopita juu huku Dunia ikizunguka. Nne, dakika 80 ni muda uleule ambao nyota inachukua kuvuka kipande cha nyuzi 20, kwa kuwa anga husogea nyuzi 15 kwa saa. Hapo mmoja wao akaikumbuka ishara ya Wow!, iliyonaswa na darubini ya Big Ear huko Ohio tarehe 15 Agosti 1977. Ilidumu sekunde 72, muda ambao antena hiyo isiyogeuka ilihitaji kupitiwa na nukta moja ya anga, na mpaka leo haijasikika tena. Mfanano ulikuwa mtamu kupita kiasi.

Siku ya tatu ujumbe wa sauti ukatoka kwenye kundi la WhatsApp la klabu na kuingia kundi la wazazi. Ulisema wamepokea ishara kutoka sayari nyingine. Ijumaa hiyo mzazi mmoja alifika shuleni akiwa na maswali ambayo mkuu wa shule hakuwa na majibu yake.

## Maamuzi na sababu zake

Mwalimu aliamua mambo mawili jioni hiyohiyo. La kwanza, hakuna kutangaza. Alitumia kanuni za Akademia ya Kimataifa ya Usafiri wa Anga za Juu (IAA) za mwaka 1989, zinazotaka mgunduzi athibitishe kwanza na kuwapa wengine nafasi ya kuhakiki kabla ya kusema hadharani. La pili, klabu isiulize tena "ni nini?" bali iulize "inafuata saa ya nani?"

Uamuzi wa pili ndio uliookoa kazi. Nyota hurudi mahali pake kila baada ya saa 23, dakika 56 na sekunde 4. Maana yake chanzo cha angani kitawahi kwa dakika karibu nne kila siku, na baada ya siku tisa kitakuwa kimewahi kwa dakika 35. Karl Jansky alitumia tofauti hiyo kuonyesha, mwaka 1933, kwamba mvumo aliousikia ulitoka Njia Nyeupe na si kwenye jua. Jocelyn Bell aliitumia mwaka 1967 alipoona mipigo ya kila sekunde 1.337, ambayo kwa mzaha iliitwa LGM-1, kifupi cha "watu wadogo wa kijani". Mipigo ile ilifuata saa ya nyota, hivyo ilikuwa ya mbinguni kweli, na ndiyo pulsa (nyota inayotoa mipigo ya redio) ya kwanza kujulikana.

Kazi ilianza kwa mkwamo. Kompyuta ilirekodi kwa saa za kimataifa, ambazo ziko nyuma ya Mwanza kwa saa tatu. Daftari lilijazwa na wanafunzi wawili: mmoja aliandika saa za Kiswahili, mwingine za tarakimu 24. Jioni ya saa 11:20 iliandikwa "11:20", kwenye kompyuta ikasomeka 14:20, na aliyechora grafu akaiweka 23:20. Kwa siku mbili ishara ilionekana kurukaruka usiku na mchana bila mpangilio. Iliamuliwa saa za kimataifa pekee ziandikwe, na saa ya ukutani darasani ikabandikwa karatasi yenye maneno "TOA TATU".

Grafu ilipochorwa upya, ishara ilianza kati ya saa 11:10 na 11:35 jioni kila siku. Haikuwahi hata kidogo. Baada ya siku tisa ingepaswa kuanza kabla ya saa 11. Chanzo kilifuata jua, au mtu anayefuata jua.

Hata hivyo, baadhi ya wanafunzi hawakukubali. Hoja yao haikuwa ya kipuuzi: mwanzo wa ishara ulitofautiana kwa dakika 25 kati ya siku na siku, na tofauti hiyo ingeweza kuficha sehemu ya mwendo wa dakika 35. Wakataka siku zaidi. Wakapewa. Katika siku hizo za ziada ishara ikapotea kabisa. Siku ya kwanza, ya pili, wiki nzima. Waliotaka kuamini wakaona sasa ni Wow! yenyewe, imekuja na imekwenda.

Mwanafunzi wa kidato cha pili, aliyekuwa akinakili tarehe tu, ndiye aliyeona. "Hizo siku zote," alisema, "baba alikuwa nyumbani." Baba yake ni mvuvi wa dagaa.

## Mwezi na mwalo

Kwa msomaji asiye wa ziwani: dagaa huvuliwa usiku kwa taa. Samaki hufuata mwanga, wavu unawazunguka. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina nguvu, kwa hiyo siku za mbalamwezi wavuvi wengi hupumzika, na giza likirudi wanarudi majini. Pengo la kwenye kumbukumbu za klabu lilikaa sawasawa juu ya mwezi mpevu. Ishara iliporudi, ilirudi na giza.

Hapo klabu iliacha anga ikageukia kilichokuwa jirani. Majaribio manne yalifanywa, na ni vizuri kuyaeleza kwa undani kwa sababu yanafaa mahali popote.

Kebo ya antena ilitolewa, na kwenye mlango wa ampilifaya ikafungwa kizibo cha omu 50, kinachokaa mahali pa antena bila kunasa chochote. Ishara ikatoweka. Kwa hiyo haikuzaliwa ndani ya kompyuta wala kupenya kwenye waya wa umeme. Ilikuwa inaingia kupitia antena. Kisha mdomo wa antena ukafunikwa kwa karatasi ya alumini kingo zote. Kilima cha haidrojeni kikafa, lakini mstari ukabaki, umepungua desibeli 3 tu. Jaribio hili ndilo linalosema mengi kwa gharama ndogo: kinachotoka juu hufa na haidrojeni, kinachobaki kinaingia kwa mlango wa nyuma. Mishono ya bati ilikuwa imepigwa ribiti kila sentimita 10, na mwanya kati ya ribiti ni mpenyo wa kutosha.

La tatu, antena ilibebwa na kuwekwa nyuma ya jabali kubwa lililosimama kati ya uwanja na mwalo, ikiendelea kutazama juu. Ishara ilishuka desibeli 14. Haidrojeni haikubadilika. La nne, antena ililazwa na kuzungushwa upeo wote wa macho kwa hatua za nyuzi 15. Kilele kilikuwa upande wa mwalo, kwenye banda la kuchaji betri lililoko mita 70 hivi kutoka uwanjani.

Mwalimu alikwenda mwenyewe, bila wanafunzi na bila kifaa chochote mkononi. Huo ulikuwa uamuzi mzuri, kwa sababu mwenye banda angeweza kudhani mwalimu amekuja kumkagua leseni.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwalimu. Umeleta simu?"

Mzee alieleza kazi yake bila kuulizwa sana. Sola hujaza betri kubwa mchana kutwa. Jioni, kabla mitumbwi haijaingia majini, huwasha inveta na kumalizia kuchaji taa na simu za wavuvi. Baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, wavuvi wakishaondoka, huzima. "Mwezi ukiwa mkubwa mimi nafunga, mwalimu. Nitamchajia nani?"

Mzee alikubali kusaidia jaribio la mwisho, asubuhi ambayo haikuwa ya biashara. Mwalimu alirusha shilingi ili kupanga ratiba ya kuwasha na kuzima inveta mara sita kwa vipindi visivyo sawa. Wanafunzi waliokaa kwenye kompyuta hawakuiona ratiba. Waliandika tu wakati mstari ulipotokea na kutoweka. Mabadiliko yote yalilingana, kila moja ndani ya sekunde kumi.

Fundi wa simu wa hapohapo mwaloni alifungua inveta. Kwenye ubao wake, pembeni ya maikrokontrola, kulikuwa na kristali, inayoipigia mapigo ya saa, imeandikwa 20.000. Kristali ya 20 MHz haitoi 20 pekee: kingo kali za mapigo yake hutoa pia 40, 60, 80 na kuendelea juu, kila hatua kwa nguvu ndogo zaidi. Mara 71 ni 1420.

## Matokeo

Mzee hakuombwa abadilishe saa za kazi. Ndizo saa anazopatia riziki. Klabu ilimnunulia vipande vya feraiti, vinavyozuia mawimbi yasiyotakiwa, vya kuvalisha nyaya na sanduku la bati la kufunika inveta lenye matundu ya hewa. Ishara ilipungua desibeli 9, haikuisha. Dawa ya kudumu iliwekwa kwenye programu: vyumba vyote kati ya 1419.98 na 1420.02 MHz hufutwa kabla ya kuchora. Gharama yake inajulikana. Kilometa moja kwa sekunde ni sawa na 4.74 kHz, hivyo klabu haiwezi kuona haidrojeni inayotukimbia kwa kasi ya kilometa kama 81 hadi 90 kwa sekunde. Ramani yao ya Njia Nyeupe ina mwanya hapo, na maelezo chini ya ramani yanasema kwa nini.

Kwenye kundi la wazazi mwalimu alipeleka aya nne na picha ya kristali.

## Uchambuzi

Hoja nne za mwanzo zote zilikuwa kweli, na zote hazikutosha. Bendi iliyolindwa inawafunga wenye mitambo ya kurusha. Haiwafungi vizidishi vya kristali, ambavyo havijui sheria. Wembamba nao ulihukumiwa kwa kipimo kibovu. Chumba cha hertz 1,172 hakiwezi kutofautisha mtambo na maser ya asili (wingu la angani linalokuza mawimbi ya redio), kwa kuwa baadhi ya maser zina upana wa mamia ya hertz tu. Klabu ilipobadili programu kuwa vyumba 262,144, kila kimoja hertz 9 hivi, mstari ulionekana unatetemeka na kuchechemea kama kristali ya bei rahisi.

Kushuka kwa masafa kunastahili hesabu kamili, maana ndiko kulikodanganya zaidi. Mwanza iko karibu na ikweta, hivyo mzunguko wa Dunia unatubeba kwa mita 465 kwa sekunde. Chanzo kinachopita juu kabisa, kikisikilizwa kwa 1420 MHz, hushuka kwa hertz 0.16 kila sekunde, na kwa dakika 80 hushuka kama hertz 770, karibu kwa mstari ulionyooka. Ishara ya klabu ilishuka kilohezi 9, karibu zote ndani ya dakika 25 za kwanza, kisha ikatulia. Ilikwenda upande sahihi, lakini kwa ukubwa mara kumi na mbili na kwa umbo la kitu kinachopata joto. Kabla ya kusema hivyo ilibidi kuhakikisha kwamba kinachopata joto si kipokezi chenyewe. Klabu ilikipima kwa kukilinganisha na minara ya simu ya GSM, ambayo masafa yake hayayumbi, na kikakutwa kimetulia.

Namba nayo ilikuwa inasema. Megahezi hutokana na sekunde, na sekunde ni kipimo cha watu wa Dunia. Mstari unaokaa karibu na namba kamili, 1420.00, wakati haidrojeni yenyewe iko 1420.406, unanuka mkono wa mtu. Ndivyo ilivyokuwa kwa BLC1, ishara iliyonaswa mwaka 2019 na darubini ya Parkes, Australia, ikielekezwa Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu: masafa yake yalikuwa 982.002 MHz. Watafiti walipopekua data zao walikuta ndugu zake wengi kwenye masafa mengine, waliopangana kwa hatua za saa za kielektroniki, na uchambuzi wa mwaka 2021 ukahitimisha kuwa ni vurugu za vifaa vya hapa duniani. Katika darubini hiyohiyo mipigo iliyoitwa perytoni iliwasumbua watu kwa miaka, mpaka mwaka 2015 ilipobainika ni tanuri la maikrowevu linalofunguliwa mlango kabla halijamaliza. Perytoni nazo zilikuwa zinapenda saa za kazi.

Hesabu moja ingeweza kufanywa usiku wa kwanza na haikufanywa. Antena hii ina eneo la kunasa la mita mraba 0.25 hivi, na kelele ya mfumo kama kelvini 150. Ishara ya desibeli 20 kwenye chumba kimoja ni takriban 2 × 10⁻¹⁵ wati kwa mita mraba. Kama ingetoka Proxima Centauri, miaka-nuru 4.2, mrushaji angehitaji wati 4 × 10¹⁹ kuelekea kwetu. Rada ya Arecibo, iliyokuwa na nguvu kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, ilifika kama 2 × 10¹³ katika mwelekeo wake. Tofauti ni mara milioni mbili. Ikitoka mita 70, ikiingia kwa pembeni ambako antena imezibwa mara mia tatu, inahitaji nanowati 40 tu. Hesabu hii haithibitishi kwamba hakuna mtu huko nje. Inaonyesha tu kwamba tarumbeta la bati halingemsikia, labda awe na mtambo usiofanana na wetu hata kidogo, na kwa hiyo ukimya wa antena kama hii si ushahidi wa upande wowote.

Kilichoshindwa zaidi ni mpangilio. Kizibo cha omu 50 ni kazi ya dakika mbili, kikafungwa baada ya wiki tatu. Karatasi ya alumini vilevile. Na ukimya wa mwalimu, uliokuwa sahihi kwa nje, ulikosewa kwa ndani: wanafunzi hawakuambiwa ni kwa nini wanyamaze, ndiyo maana sauti ilitoka. Katika mazingira yetu tetesi hukimbia kuliko grafu. Ni heri wazazi wapewe mapema sentensi moja kavu, kwamba kuna ishara haijatambuliwa na huenda ni ya kifaa cha jirani.

Daftari jipya la klabu lina safu tano zaidi: saa ya nyota, umri wa mwezi, umeme wa gridi upo au umekatika, mwalo umefunguliwa au umefungwa, na nani ameshika simu karibu na antena. Kinachokosekana bado ni antena ya pili, ndogo, inayotazama ufukweni muda wote, ili mstari wowote unaosikika kwa zote mbili uondolewe papo hapo. Fundi bati amekwisha kata mabati. Ampilifaya ya pili haijanunuliwa.